Gia Zinaruka? Hesabu Mizunguko ya Pedali Kabla Hujashika Spana

Mara ya kwanza ilinikuta nimesimama juu ya pedali, katikati ya mlima, mguu wa kulia umebeba uzito wangu wote. Nikasikia "kaa!", pedali ikatumbukia kama ngazi iliyokatika kipandio, goti likaenda kukutana na usukani. Sikuanguka, ila nilisukuma baiskeli hadi kileleni nikichechemea na kumlaani aliyeniuzia.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya mtumba, ya milimani, fremu safi, spoketi (yale magurudumu ya meno yanayoshika mnyororo) 3 mbele na 9 nyuma. Kabla ya kulipa niliijaribu kwenye uwanja tambarare, nikizunguka polepole kama mtoto anayejifunza, na gia zote ziliingia vizuri. Leo najua jaribio la namna ile halikuambii lolote. Gia iliyochoka huruka inapobebeshwa mzigo, na mimi sikuibebesha.

Nilihangaika nayo karibu miezi miwili. Kila niliyemuuliza alinipa dawa yake: kaza waya, badilisha mnyororo, kuna kitu kimepinda, gurudumu limekufa. Nilidhani wananichanganya. Kumbe kila mmoja alikuwa anataja ugonjwa halisi, kwa kuwa "gia inaruka" ni kama kusema "nina homa". Kwanza ujue ni homa ya nini.

Kosa nililolifanya kwa wiki tatu

Pale waya wa gia unapoingia kwenye dereila, yaani ule mkono wa nyuma unaohamisha mnyororo, kuna kinati kidogo cha kuzungusha kwa vidole. Ukikizungusha kinyume cha saa, waya unakaza na mnyororo unavutwa kuelekea spoketi kubwa. Ukikizungusha kufuata saa, unalegea. Kwa sababu hakihitaji spana, ndicho kitu cha kwanza ambacho kila mtu hukishika, na mimi nilikishika kila asubuhi. Robo mzunguko huku, nusu kule. Gia ya nne ikitulia, ya saba inaanza kelele. Nikiituliza ya saba, ya nne inaruka tena.

Laiti ningesoma ile dalili! Kama kosa ni la waya peke yake, kinati hurekebisha gia zote kwa pamoja. Ukiona unatibu upande mmoja na kuumiza mwingine, kiache kinati, kuna kitu kimepinda, kimechakaa, au hakikuzaliwa pamoja na vingine. Na zile skrubu mbili zilizoandikwa H na L usiziguse kabisa katika hatua hii. Kazi yake ni kuzuia mnyororo usidondoke nje ya spoketi ya mwisho kila upande. Gia za katikati hazihusiki nazo.

Sikiliza na uhesabu

Tafuta mwinuko wa kupanda, usio mkali. Kaa kwenye kiti, usisimame, maana pedali ikitumbukia ukiwa umesimama unaweza kuangukia bomba la fremu, na sina haja ya kueleza maumivu yake. Chagua gia moja, kanyaga kwa nguvu, hesabu mizunguko ya pedali kati ya mruko mmoja na mwingine. Kisha rudia kwenye gia nyingine.

Ikiruka mara moja kwa kila mzunguko wa pedali, kagua meno ya spoketi ya mbele. Ikiruka bila mpangilio, lakini kwenye gia mbili tatu tu na pale unapokanyaga sana, meno ya nyuma yameliwa. Kama ni kelele na kusitasita kwenye gia nyingi hata bila nguvu, tazama waya na kile kipande kinachoshika dereila. Na ikiwa mruko unarudi kila baada ya mizunguko mitatu na kitu, hapo kuna hesabu tamu: mnyororo wangu una pingili 110, spoketi yangu ya katikati mbele ina meno 32, kwa hiyo mnyororo mzima hupita mara moja kila pedali zikizunguka karibu mara tatu na nusu. Mruko wa namna hiyo unatoka kwenye pingili moja tu, iliyokakamaa.

Ya kwangu haikutoa jibu moja. Ilikuwa na magonjwa matatu, na nilikutana nayo moja baada ya jingine, kila mara nikidhani nimemaliza.

Mnyororo mpya ulivyoniharibia zaidi

Mnyororo wa baiskeli una kipimo kimoja kisichobadilika: kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Pingili 24 basi ni milimita 304.8. Chukua rula ndefu ya chuma, weka alama ya sifuri katikati ya pini moja, hesabu pingili 24, usome. Ikifika kama 307, mnyororo umekwisha. Kwa baiskeli zenye spoketi 11 au 12 nyuma, usingoje hata hapo, badilisha ukikaribia 306 na nusu. Ikipita 308, jiandae kubadilisha na spoketi pia.

Wangu ulisoma karibu 310.

Watu husema mnyororo "umevutika", lakini chuma chake hakijavutika. Kinacholika ni pale pini inapokutana na tundu lake. Kila pingili inapata nafasi kidogo sana, na nafasi hizo zikijumlishwa mnyororo unarefuka. Nikanunua mpya, nikaufunga kwa furaha, nikapanda mlima. Baiskeli ikaruka vibaya kuliko siku zote! Gia tatu za katikati, zile nilizozitumia mimi na bila shaka mwenyewe wa kwanza pia, hazikukanyagika kabisa.

Hapa ndipo nilipoelewa kitu ambacho sikuelezwa na yeyote. Mnyororo na spoketi huzeeka pamoja kama mke na mume. Mnyororo unaporefuka, unayala meno kwa kadiri ya urefu wake mpya, na meno yanabaki na mashimo mapana yaliyolala upande mmoja kama mapezi ya papa. Wawili hao waliochakaa wanaelewana na wanaweza kwenda hivyo kwa muda mrefu. Ukileta mnyororo mpya wenye nafasi sahihi, rola zake, yaani vile vipande vya mviringo vinavyozunguka kwenye pini, hazitui ndani ya mashimo yale. Jino moja au mawili ndiyo yanabeba nguvu yako yote, rola inapanda juu ya mteremko wa jino, na hapo unasikia "kaa!".

Kwa hiyo baiskeli ya mtumba isipimwe mnyororo wake tu. Kama umepita kipimo kwa mbali, hesabia na kaseti, yaani lile fungu zima la spoketi za nyuma. Kuifungua kunahitaji ufunguo wake maalumu wa meno na kipande cha mnyororo chenye mpini cha kuizuia isizunguke. Kuifunga, ile pete ya mwisho hukazwa kwa nguvu ya takriban niutoni-mita 40, ambayo ni kukaza kwa dhati. Pete ikilegea, spoketi hucheza na zenyewe hukupa mruko mwingine wa bure. Kama huna ufunguo huo, mpelekee fundi. Hiyo ni kazi ya dakika kumi kwake na ya jioni nzima kwako.

Henga, na ule ujanja wa gurudumu la pili

Kaseti mpya ilitibu zile gia tatu. Kelele na kusitasita vikabaki.

Dereila haifungwi moja kwa moja kwenye fremu katika baiskeli nyingi za aloi. Inaning'inia kwenye kipande kidogo ambacho mafundi hukiita henga. Kimetengenezwa laini makusudi, ili baiskeli ikiangukia upande wa kulia kipinde chenyewe kabla fremu haijaumia. Na baiskeli ya mtumba imeanguka, hata mwuzaji akila kiapo. Kwenye kaseti ya spoketi 9, nafasi kutoka spoketi moja hadi nyingine ni kama milimita 4.3. Henga ikipinda kidogo tu, zile gurudumu mbili ndogo za dereila zinasimama kwa mshazari, na hakuna kinati duniani kitakachozilinganisha na spoketi zote tisa.

Simama nyuma ya baiskeli, funga jicho moja. Gurudumu hizo mbili ndogo na spoketi iliyo juu yake zinatakiwa kuwa kwenye mstari mmoja wa wima. Zangu zilikuwa zimeinamia spoki kwa chini. Kuna kifaa cha kupimia, lakini mimi nilitumia gurudumu la nyuma la baiskeli nyingine. Ekseli yake ya kawaida, ile yenye tundu la kupitishia fimbo ya kufungia haraka, ina hesi (zile nyuzi za skrubu) ya milimita 10, ileile ya tundu la henga. Fungua dereila, zungushia ekseli ya gurudumu la pili mahali pake, na sasa una magurudumu mawili yaliyosimama ubavu kwa ubavu. Pima umbali kati ya rimu zake mbele, nyuma, juu na chini. Vipimo vikitofautiana, henga imepinda, na gurudumu lenyewe ndilo mpini wa kuinyooshea, polepole, kwa mkono usio na hasira.

Henga ya aloi huvumilia kunyooshwa mara moja, pengine mbili. Ikionyesha ufa, nunua nyingine, na uende na ile ya zamani mfukoni, kwa kuwa maumbo yake ni mengi mno na yanayofanana hayafanani. Kwenye fremu za chuma ambako henga ni sehemu ya fremu, kunyoosha hakuna shida kubwa.

Nikiwa bado pale nyuma, nikaona jambo lililonichekesha. Kava ya waya wa gia, ule mpira wa nje, haikuwa ya gia. Mwenyewe wa kwanza alikuwa amefunga kava ya breki. Ukikata ncha utaona tofauti: ya breki ina bati lililojiviringa kama springi, ya gia ina nyuzi za chuma zilizonyooka kwa urefu. Ya breki hubonyea kidogo unapovuta waya, na kule kubonyea kunatosha kupoteza gia. (Usifanye kinyume chake, kufunga kava ya gia kwenye breki. Inaweza kupasuka siku unayoihitaji kuliko zote.) Kipande kifupi cha mwisho, kile kinachojipinda kuingia kwenye dereila, kilikuwa kimejaa kutu. Dalili yake ni rahisi: gia inapanda vizuri kwenda spoketi kubwa lakini inachelewa kushuka kwenda ndogo, kwa sababu kupanda kunavutwa na kidole chako ilhali kushuka kunategemea springi ya dereila peke yake, nayo haiwezi kushindana na kutu.

Waya mpya, kava mpya, na kile kinati kikatii kwa nusu mzunguko tu.

Ugonjwa wa tatu niliusababisha mwenyewe. Mruko wa kila mizunguko mitatu na nusu ulikuwa pingili niliyoiunga kwa pini siku nilipofunga mnyororo mpya. Ukizungusha pedali kinyumenyume taratibu, unaiona inapita kwenye gurudumu ndogo za dereila bila kujikunja. Niliishika kwa vidole gumba viwili, nikaikunja kushoto na kulia mara chache, ikalainika. Sekunde ishirini, baada ya miezi miwili.

Mambo mawili mengine nayataja japo hayakunikuta. Moja, ikiwa pedali inakwenda bure kabisa mbele na mnyororo haujaruka hata jino moja, tatizo liko ndani ya kitovu cha gurudumu. Vile vikucha vya kushika vimechakaa au vimegandwa na grisi kuukuu. Hiyo usiipande hadi itengenezwe. Pili, kagua kama vifaa ni vya ukoo mmoja. Dereila ya kampuni ya Shimano ya baiskeli za milimani ya spoketi 10 haivutwi kwa kadiri sawa na ile ya 9, kwa hiyo aliyechanganya swichi ya kubadilishia gia ya moja na dereila ya nyingine hatapata gia zote zikae, hata akeshe na kinati.

Juzi rafiki aliniomba nimsindikize kutazama baiskeli ya mtumba. Nilikwenda na rula. Mwuzaji alinitazama nikihesabu pingili kama ninayehesabu shanga za tasbihi, akauliza natafuta nini. Nikamwonyesha: 309. Akanyamaza kidogo, kisha akapunguza bei ya kutosha mnyororo na kaseti, na henga tukaipima kwa jicho palepale kabla ya kupeana mikono.