Kupiga kafi Kilindini meli zikipita

Anayetaka kuvuka mlango wa Kilindini kwa kayaki kwa kawaida huniuliza kwanza kuhusu mawimbi. Mimi humrudisha kwenye meli. Huu ndio mlango wa bandari ya Mombasa: makontena, mafuta na magari ya Kenya, Uganda na majirani zao hupitia hapa, usiku na mchana. Kabla hujagusa maji, lishike hili moja: meli haitakukwepa. Si kwa ubaya wa nahodha. Hawezi.

Kwanza, huenda hakuoni. Kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinaruhusu bahari iliyo mbele ya omo, yaani pua ya meli, ifichike machoni pa aliye kwenye usukani, hadi umbali wa urefu wa meli hiyo mara mbili, ilimradi usizidi mita 500. Meli ya makontena ya mita 250 inafika hapo hapo kwenye mita 500, na mlango wenyewe pale Likoni una upana wa kama nusu kilomita tu. Ukishaingia kwenye kivuli hicho, kwa watu walio kule juu haupo kabisa. Pili, hata akikuona, njia iliyochimbwa ni nyembamba, na kando yake kuna miamba. Akirudisha injini nyuma, meli inaendelea kuja kwa muda mrefu, tena huku ikigoma kufuata usukani.

Kwa sababu hiyo, Kanuni ya 9 ya kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini inakataza chombo cha chini ya mita 20 kuizuia meli ambayo haina pengine pa kupita salama. Wako watu wanaoamini kwamba asiye na injini hupishwa siku zote. Kwenye mlango mwembamba imani hiyo inaua.

Sasa piga hesabu. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, ambao ni mzuri kwa mtu wa kawaida, utavuka nusu kilomita kwa dakika 6. Meli inayokwenda kilomita 18 kwa saa inakata mita 300 kila dakika. Dakika zako 6 ni kilomita 1.8 zake. Kwa hiyo meli inayoonekana mbali kabisa, ndogo, kama imesimama, tayari inaweza kukufikia kabla hujavuka. Mimi nikiona meli yoyote inayotembea kwenye mlango, sivuki. Sijaribu kukisia kama nitawahi.

Wenyeji tuna dalili moja nzuri kuliko zote: feri. Meli ikikaribia, feri za Likoni husimamishwa. Ukiziona zimetulia pande zote mbili na abiria wanajazana, tafuta meli, hata kama upeo wa macho ni mtupu. Boti ya rubani, yule anayeongoza meli kuingia bandarini, inayotoka kwa kasi, au boti za kuvuta meli zikielekea nje, zina habari hiyo hiyo. Na hapa ndipo ninapomsisitizia mtu zaidi: meli ikishapita, usikimbilie kuvuka. Feri zilizokuwa zikingoja huondoka karibu kwa pamoja, zimejaa, na maji ya mkondo huzifanya zije kwa mshazari. Boti za kuvuta nazo huenda zikawa njiani kurudi. Acha hayo yote yatulie kwanza.

Kabla ya safari yako ya kwanza, nenda bustani ya Mama Ngina, kando ya mlango, ukae na dafu lako, utazame meli zikiingia. Shika saa. Angalia zinapopindia na zinavyofuata maboya. Asubuhi moja ya hapo itakufunza mengi kuliko maneno yangu.

Ukiwa majini, linganisha meli na kitu kilicho nyuma yake, mnara au mti. Kama kitu hicho hakisogei kutoka nyuma ya omo yake huku meli inazidi kuwa kubwa, mnaelekea kukutana. Simama au geuka mapema. Ukivuka, kata moja kwa moja kama herufi T, usivuke kwa mshazari. Mkiwa wengi, vukeni mmebanana, anayepiga polepole ndiye awaongoze. Honi fupi tano maana yake wana shaka nawe: ondoka kwenye njia mara moja. Tatu fupi ni kwamba injini zimewekwa kurudi nyuma.

Mahali pa kungojea pia ni muhimu. Meli nzito kwenye mlango mwembamba huyavuta maji ya ukingoni yakaondoka, kisha yakarudi kwa kishindo. Ukijibanza juu ya mwamba, kwenye kina kifupi, utaachwa juu ya mawe halafu upigwe. Ngojea nje ya maboya, penye kina, omo ya kayaki ikitazama mawimbi yanakotoka. Meli iliyofungwa gatini nayo iepuke: maji ya gatini si ya kuchezea, na injini inaweza kuwashwa wakati wowote. Usipite kamwe kati ya meli na boti inayoivuta.

Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu zaidi, maji yakipwa huku kusi, upepo wa kutoka kusini, inavuma, mdomo wa mlango huchafuka vibaya. Siku hizo siendi. Usiku pia siendi. Lakini ukichelewa kurudi, kurunzi yenye taa nyeupe iwe mkononi, si ndani ya begi. Jaketi la kuokoa maisha la rangi kali livaliwe, filimbi ifungwe juu yake, na simu ikae mwilini kwenye mfuko usiopitisha maji. Mwenye redio ya baharini asikilize chaneli ya 16, ile ya wito na dharura.

Kama bado huwezi kupinduka na kupanda tena kayaki mwenyewe kwenye kina kirefu, fanyia mazoezi mkono wa Tudor au Mtwapa, mbali na njia ya meli kubwa. Kilindini itakungoja.