Wenye viwanda hupitia mlango gani?

SWALI: Mhariri, niko boda hapa Kondele, Kisumu. Kila Mswada wa Fedha ukija naskia matajiri wa viwanda wameongea wakaskizwa, sisi tukiongea ni tiagesi. Wao hupitia wapi?

JIBU: Ndugu yangu, mlango ni uleule tu, ila wao hufika mapema. Chama cha wenye viwanda, KAM, kina watu wa mshahara wa kusoma mswada mstari kwa mstari, wanaandika memoranda (maoni rasmi ya maandishi) wanapeleka kwa Kamati ya Fedha ya Bunge na hesabu zao mkononi, na mbunge anapenda mtu wa hesabu. (Chai za hotelini pia zipo, tusidanganyane.) Lakini Kifungu cha 118 cha Katiba ya 2010 kinalazimisha Bunge liskize wananchi, na cha 119 kinakuruhusu kupeleka ombi hata ukiwa peke yako. Maandamano ya barabarani nayo usiyadharau, Juni 2024 ile kodi ya VAT ya 16% iliyopendekezwa kwa mkate ilifutwa na baadaye mswada wote ukaondolewa. Sasa nyinyi wa boda andikeni kurasa mbili tu, mafuta mnaweka ya ngapi kwa siku, mnabaki na ngapi, halafu mchague mmoja wa kufuatilia, si kutupa barua na kurudi steji.