Uliza Fundi: Injini ya Beetle ya babu ni ya ngapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu babu ametuachia Volkswagen Beetle. Inatoa moshi wa bluu, nami nataka kununua seti ya pistoni na silinda. Kadi inasema cc 1285, mfuniko wa injini una nembo ya 1500, na fundi wetu hapa Moshi anasema ni 1600 kwa kuwa ameona AS41 kwenye bloku. Nimsikilize nani? Bomba linalotoka kwenye kabureta likifika kila upande linagawanyika mara mbili. (Mjukuu, Kibosho)

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Pesa ya pistoni ikae mfukoni kwanza.

Nembo ya mfuniko iache kabisa. Mfuniko unafunguliwa kwa dakika chache, na Beetle nyingi za huku zimeazimana vifuniko, milango na mabampa. Tena umenipa ushahidi mzuri bila kujua: bomba kugawanyika. Beetle ya 1500 iliyotoka kiwandani ina tundu moja tu la kuingizia hewa na mafuta kwenye kila hedi (kichwa kinachofunika silinda), na ya 1200 ni hivyo hivyo. Hedi za matundu mawili zilikuja Agosti 1970, kwenye 1300 na 1600. Kwa hiyo tumebaki na hizo mbili.

Sasa AS41. Fundi wako hakubuni. Amechanganya vitu viwili. Kuna injini za 1600 ambazo namba yake inaanza na AS, lakini AS41 ni alama ya aina ya magnesiamu iliyomiminwa kutengeneza bloku. Pitisha kidole: herufi hizo zimechomoza, zilitoka na bloku kwenye kalibu. Namba ya injini imegongwa, imezama ndani. Hiyo ndiyo unayoitaka.

Iko chini ya kitako cha dainamo. Fungua mfuniko wa nyuma, inama, utazame bapa dogo la bloku pale kitako kinapokalia. Kwenye gari la Kibosho najua utakachokuta: oili iliyogandamana na vumbi jekundu. Lowesha kwa dizeli, uache ilainike, kisha sugua kwa mswaki wa zamani. Msasa na brashi ya waya usimruhusu mtu alete, maana magnesiamu ni laini na namba ikifutika imekwenda. Pakaushe, usugulie chaki nyeupe, ufute juu juu kwa kitambaa. Chaki itabaki ndani ya herufi na utazisoma vizuri hata kwa tochi ya simu.

Ukiona D ni 1200. F ni 1300 ya zamani, ya tundu moja. H ni 1500. AB na AR ni 1300 ya matundu mawili. AD na AS ni 1600. Bapa likiwa tupu, bila namba yoyote, huenda bloku iliwahi kubadilishwa, kwa sababu bloku za spea ziliuzwa bila kugongwa namba.

Kwa kadi ya cc 1285, ambayo ndiyo 1300, natarajia ukute AB au AR. Hata hivyo namba inakuambia bloku ilizaliwa nini. Vitu ilivyovishwa baadaye haivijui. Krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ya 1300 na ya 1600 zina mwendo ule ule wa pistoni, milimita 69. Mtu anaweza kuvua silinda za 1300, akavisha za 1600 na hedi zake, na AB ikabaki pale pale. Wako waliofanya hivyo ili gari lipande mlima bila kulia, na babu yako alikuwa akipanda Kibosho.

Kwa hiyo kinachoamua ni kipimo. Moshi wa bluu utakulazimisha kushusha injini vyovyote vile, na ya Beetle imeshikwa kwenye gia boksi kwa boliti nne tu. Ikishuka, vua hedi, futa masizi, upime upana wa ndani wa mdomo wa silinda kwa vania (kipimo cha milimita chenye taya). Milimita 77 ni 1300. Milimita 85.5 ni 1600. Hata kama silinda imelika au iliwahi kuchongwa, tofauti ya milimita nane na nusu haijifichi. Pima zote nne, maana kila silinda imesimama peke yake na inabadilishwa peke yake. Tazama pia juu ya pistoni ukishasafisha. Mara nyingi kipimo kimegongwa pale.

Dukani nenda na pistoni moja mkononi. Na kama namba ya bloku hailingani na ya kwenye kadi, peleka suala hilo TRA mapema, mkiwa mnahamisha umiliki kutoka jina la marehemu, kuliko kusubiri siku ya kuuza.