Programu isipewe amri ya kuzima kifaa

Ndugu, ifute hiyo amri ya "zima" kabla hujaandika mstari mwingine. Umeuliza namna ya kubuni kiolesura kimoja (seti ya amri) ambacho programu zote zitakitumia kusimamia umeme wa modemu, skrini na vihisi, na namna ya kumwonyesha mtumiaji chaji iliyobaki; lakini kwa mchoro ulioweka, ambapo kila programu huamuru "washa" na "zima", hiyo chaji haitakuwepo.

Kazini kwetu muundo kama huo tuliletewa na mshauri aliyelipwa vizuri, akatuhakikishia kwamba "washa" na "zima" zinatosha kwa kila kifaa. Programu ya vipimo ikiwa katikati ya kutuma, ile ya kurekebisha saa ilimaliza shughuli yake na kuizima modemu hiyohiyo. Vipimo vikakatika, na logi (kumbukumbu ya matukio ya mfumo) ikaandika tu kwamba mtandao haupatikani. Tukabadilisha antena, tukabadilisha laini, tukawalaumu watu wa mtandao wasiohusika. Tulipomrudia, mshauri akaagiza kila programu iwashe na isizime kabisa, na masanduku yetu ya vipimo yanayotumia sola yakaanza kuishiwa chaji kabla ya alfajiri. Hasira yangu kwake haijaisha, kwa sababu jawabu lilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kusoma: kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, imekuwa nalo tangu toleo la 2.6.32, mwaka 2009. Anayekihitaji kifaa huongeza hesabu ya watumiaji, akimaliza huipunguza, na kifaa hakilazwi (hakiwekwi katika hali ya kula umeme kidogo) mpaka hesabu ifike sifuri.

Kwa hiyo programu iseme "nakihitaji" na "nimemaliza", basi. Uamuzi wa kulaza ubaki kwa anayewaona watumiaji wote. Ndiyo maana hata ACPI, kanuni za pamoja za kusimamia umeme wa kompyuta, iliyotolewa na Intel, Microsoft na Toshiba mwaka 1996, iliuhamisha uamuzi huo kutoka BIOS, programu ya msingi inayoiamsha kompyuta, kwenda kwenye mfumo endeshi. Ngazi za umeme za kifaa, D0 (kimewaka kikamilifu) hadi D3 (kimezimwa), ziache ndani ya draiva, yaani programu inayoendesha kifaa chenyewe; programu za kawaida zisizijue.

Kila ombi lifungwe kwenye mchakato (programu inayoendelea kufanya kazi) uliolitoa, ili programu ikianguka ombi lake lifutwe lenyewe. Vinginevyo hesabu haitarudi sifuri na modemu itakesha. Hesabu ikifika sifuri, subiri sekunde kadhaa kwanza, kwani modemu inayoamka hula umeme mwingi ikitafuta mnara upya. Na kama ni lazima kuzima kwa nguvu betri inapokaribia kuisha, mamlaka hayo yakae kwa msimamizi wa umeme peke yake, naye azitaarifu programu kwanza na kuzipa muda wa kuhifadhi data.