Jibu: GRB 200415A, grafu inaonyesha mstari mmoja tu

Salaam ndugu yangu wa Mbarara. Unasema umechora data za Fermi, darubini ya angani ya miali ya gama, kuhusu GRB 200415A, mlipuko wa miali ya gama wa mwaka 2020, ukapata mstari mmoja mrefu, na hujui kama ni magneta (nyota ya nyutroni yenye usumaku mkali mno) au ni nyota mbili za nyutroni zilizogongana.

Kwanza angalia faili. Nadhani umechukua faili la aina ya CSPEC, linalojumlisha fotoni (chembe za mwanga) kwa vipande vya sekunde 1.024 hata baada ya chombo kushtuliwa na mlipuko. Mlipuko wenyewe ulidumu kama milisekunde 140! Lazima umezwe ndani ya kipande kimoja. Hapa Kampala nilihangaika wiki nzima na kosa hilohilo. Chukua faili la aina ya TTE, linaloandika wakati wa kila fotoni. Ni zito, kwa hiyo lipakue usiku ukiwa na bando la bei nafuu. Gawanya muda katika vipande vya milisekunde 2 au 4, na utumie vigunduzi vilivyoelekea chanzo tu, si vyote 12. Vilivyogeuka upande wa pili vinakuongezea kelele bure.

Magneta utaijuaje? Grafu peke yake haitoshi. Magneta SGR 1806-20, ilipolipuka tarehe 27 Desemba 2004, ilikuwa na mkia, yaani mwanga hafifu unaofuata mlipuko, unaodunda kila sekunde 7.56, lakini hiyo imo ndani ya galaksi yetu. Hii ya 2020 ni ya mbali mno, usijichoshe kutafuta mkia. Kilichosaidia ni mahali ulikotokea: Mars Odyssey, chombo kinachoizunguka Mirihi, iliupokea mlipuko dakika 6.6 kabla ya Wind, chombo kilicho kati ya Dunia na Jua, kisha sekunde 4.5 baadaye ukafika Fermi. Tofauti hizo zikaelekeza kwenye NGC 253, galaksi jirani.

Ukishachora upya, weka picha hapa tuione.