Safu za pini zisizokubali kuchomekwa kinyume

SWALI: Ninabuni kifaa chenye bodi mbili za saketi zitakazounganishwa kwa pini 40, yaani safu mbili za pini 20. Kifaa kitafungwa kwenye trekta, na bodi ya juu itachomolewa mara kwa mara kwa matengenezo. Nizingatie nini ninapochagua pini na soketi? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kufikiria bei, hakikisha kwamba bodi ya juu haiwezi kuchomekwa kinyume wala kukaa pini moja pembeni. Safu mbili zinazolingana huingiliana hata bodi ikigeuzwa, na pini ya 1 ikikutana na tundu la 40, umeme utaingia pasipostahili na unaweza kuunguza saketi nzima. Maandishi yaliyochapwa kando ya soketi hayatoshi kumlinda fundi anayefanya kazi shambani jua likizama. Nyaya za diski za kompyuta za zamani zilikuwa pia na pini 40: pini ya 20 iliondolewa, tundu lake likazibwa, na mara nyingi pini zilizungushiwa ukuta wa plastiki wenye pengo upande mmoja. Nakushauri utumie njia zote mbili.

Nafasi ya milimita 2.54 kati ya pini, ambayo ni sehemu ya kumi ya inchi, itakufaa, kwani vipuri vyake vinapatikana kwa urahisi na unaweza kuvilehemu kwa mkono.

Mtikisiko wa trekta ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Ndani ya soketi, vipande vyembamba vya aloi ya shaba huibana pini kwa nguvu ya springi. Vinaposuguana na pini iliyopakwa bati, bati hujenga ganda lisilopitisha umeme vizuri, na kifaa huanza kukatika-katika bila sababu inayoonekana. Chagua dhahabu pande zote mbili, maana kuichanganya na bati hurudisha tatizo lile lile. Uzito wa bodi nao ubebwe na nguzo zilizofungwa kwa skrubu, usibebwe na pini.

Gawanya umeme wa kuendeshea kifaa katika pini kadhaa, na uweke pini za erthi karibu na zile zinazopitisha mawimbi ya kasi.

Mwisho, soketi iliyolehemiwa chini ya bodi ya juu hugeuza mpangilio wa namba kama kioo. Chapa michoro yote miwili kwenye karatasi kwa ukubwa halisi, uiweke pamoja jinsi bodi zitakavyokaa, kisha ufuatilie kila pini kabla ya kuagiza.