Hiyo krimu usimpake tena, dada

Acha leo hii. Umeandika kwamba ulimpaka mwanao krimu ya mchanganyiko ya dukani, choa cha shingoni kikaacha kuwasha siku ya pili tu, wekundu ukafifia, sasa unataka kununua tyubu nyingine. Mimi nilifika tyubu ya 4.

Binti yangu alikuwa na kiduara kimoja nyuma ya goti, ukubwa wa sarafu ya shilingi 200. Muuzaji wa duka la dawa hapa Tanga akanipa krimu "ya mchanganyiko", eti inamaliza bakteria, fangasi na aleji kwa pamoja. Hakutamka kwamba ndani mna betamethazoni, steroidi kali, yaani dawa inayozima kinga ya ngozi. Hasira yangu kwake haijaisha, maana alijua anachouza.

Ule wekundu na muwasho ni mwili wenyewe unapigana na fangasi anayeleta choa. Ukuta wa fangasi umejengwa kwa sukari iitwayo beta-glukani, ambayo seli zetu hazina. Seli za ulinzi, makrofaji na wenzake, zina kipokezi cha kuitambua, Dektini-1, kilichogunduliwa kazi yake mwaka 2001. Kikiigusa tu, seli humeza fangasi na kuita neutrofili, seli nyingine za ulinzi, kutoka kwenye damu. Kinga hii tumezaliwa nayo, haisubiri kufundishwa. Mtazame mwanao kwa karibu: ukingo wa choa umeinuka, una vipele na magamba, katikati pamepoa. Pale ukingoni ndipo fangasi anaposonga mbele, na ndipo hao askari wa kinga walipojaa.

Steroidi inawanyamazisha hao askari. Muwasho unakufa, fangasi anaachiwa uwanja. Kiduara cha binti yangu kilipoteza ukingo, kikawa doa la kijivu lisilo na umbo, likapanda paja zima hadi nyongani. Kila nilipoacha kupaka, wekundu ulirudi mkali kuliko mwanzo, nami nikaona dawa haijatosha, nikaongeza. Miezi 3! Daktari wa ngozi akakwangua magamba kwa kisu butu, akayatilia tone la potasiamu haidroksidi, kemikali inayoyeyusha magamba ili fangasi aonekane, akaniambia nichungulie kwenye hadubini. Nyuzi zilikuwa zimetambaa kila upande kama mizizi ya mpunga. Jina la hali hiyo lipo tangu 1968: tinea inkognito, choa kilichojificha.

Ngozi yenye kiduara kama hiki, ambayo haijakwanguliwa ikapimwa, haipakwi steroidi. Soma yale maandishi madogo ya viambato kwenye boksi. Ukiona betamethazoni au klobetazoli, nayo ni steroidi kali, usinunue, hata muuzaji aape.

Sisi tulimalizia kwa vidonge vya terbinafini, dawa ya kuua fangasi, alivyoandika daktari. Fangasi amekwisha, lakini nyuma ya goti ngozi imebaki nyembamba, ina michirizi mitatu. Ukiacha krimu, wekundu huenda ukarudi kwa kishindo wiki hii hii. Usiogope ukakimbilia tena dukani. Mpeleke akakwanguliwe magamba yakiwa bado yapo.